Baiskeli Iliyoanza kwa Kurudi Nyuma

Katika nyumba ile, ukipiga hodi na kuita "Fundi!", waliitika wawili. Mume alikuwa fundi baiskeli, mke fundi cherehani, na wao wenyewe waliitana hivyo hivyo, fundi kwa fundi, tangu siku za uchumba. Majirani, ili wasichanganye mambo, waliwabatiza upya. Mume wakamwita Spoku, kwa wembamba wake na kwa sababu mfukoni mwake hazikukosekana spoku mbili tatu. Mke wakamwita Mama Pindo, maana hakuna mtu mtaani aliyewahi kufumukiwa na pindo aliloshona yeye.

Mama Pindo alikuwa na majivuno, tuseme ukweli mapema. Hakumdharau mtu, lakini kazi yake aliijua, na hakuona sababu ya kuinamisha kichwa. Ndani ya kila nguo, chini ya ukosi, mahali asipopaona mtu ila mvaaji, alipiga mishono mitatu ya uzi mwekundu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake. "Nguo yangu naijua hata ikishakuwa tambara la kupigia deki," alikuwa akisema, na mara moja alilitambua kweli, mkononi mwa mfagizi wa hospitali, akasimama kulisifu.

Spoku naye alikuwa na alama yake, nyota ndogo aliyoigonga kwa nyundo chini ya fremu ya kila baiskeli aliyoibuni. Tofauti ni kwamba nguo za mkewe zilivaliwa. Baiskeli za kubuni za Spoku zilining'inia ukutani uani. Kulikuwa na ya watu wawili wanaopeana migongo, ambao waligombana kabla ya kufika njia panda, kwa kuwa mmoja tu ndiye aliyeona wanakokwenda. Kulikuwa na ya kuongozwa kwa kiuno, ili mikono iwe huru kushika mwavuli. Kulikuwa na ile ambayo gurudumu la nyuma lilikuwa pipa la maji lenyewe, likizunguka na maji yake ndani, na kila ilipofunga breki maji yaliendelea na safari. Watu walikuja kuzitazama, wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaacha matairi yao yazibwe pancha. Spoku aliziba pancha na kuzipangusa vumbi baiskeli zake kila Jumapili. Kuzigusa hakuna aliyeruhusiwa.

Sasa, goti. Goti la kulia la Mama Pindo lilikuwa halikunjiki zaidi ya nusu, tangu alipoteleza kwenye ngazi miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu wakati huo Spoku alimpeleka dukani kwake kila asubuhi kwa baiskeli, yeye akiwa amekaa upande kwenye keria ya nyuma, mguu mmoja umenyooka, mfuko wa vitambaa mapajani. Na kila asubuhi, walipokaribia mashine ya kusaga, alipiga kelele, "Shimo hilo!" Na kila asubuhi Spoku alijibu bila kugeuka, "Nimeliona kabla hujazaliwa." Kwa kweli alimzidi miaka miwili tu.

Mambo yalibadilika pale daktari alipoweka kifaa chake kifuani mwa Spoku, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida. Moyo umechoka, alisema. Atembee taratibu, ale vizuri, na asibebe mzigo tena. Spoku alijaribu kueleza kwamba mkewe si mzigo, lakini daktari hakuwa mtu wa mizaha.

Pikipiki za kukodi Mama Pindo alizijaribu wiki nzima. Mguu wake ulitokeza pembeni kama tawi, ukagonga ndoo ya muuza samli na mlango wa gari la watu, na dereva wa siku ya tano alipomwona kwa mbali akawasha pikipiki yake akatoweka. Wiki iliyofuata duka halikufunguliwa. Wateja walianza kupiga simu kuulizia nguo zao.

Ndipo binti yao alipokuja, siku ya Jumamosi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtoto wao wa pekee, mwenye mapenzi mengi na subira kidogo. Alikaa kitandani pembeni ya mama yake, akamshika mkono.

"Mama, mwenye chumba cha duka lako amenipigia. Kuna mtu wa makava ya simu anakitaka kile chumba. Nimemwambia nitampa jibu."

"Wewe ndiye mpangaji?"

"Mama, nakuomba. Miaka ishirini na mbili, si umelitendea haki lile duka? Njoo kwangu. Cherehani tutaiweka barazani, utashona ukijisikia."

"Nikijisikia," Mama Pindo alirudia. "Barazani kwako nitashona nini, mwanangu? Mapazia yako?"

"Utapumzika."

Mama Pindo alitazama ukutani. Alilifikiria duka lake, chumba chembamba chenye dirisha moja, meza ya kukatia iliyolainishwa na viganja vyake, msumari wa kutundikia futi, mlango alioupaka rangi kwa mkono wake na kuandika FUNDI, bila kuongeza kitu, kwa kuwa hakukuwa na haja. Pale ndani hakuwa mtu mwenye goti. Alikuwa mtu anayesubiriwa. Akilifunga, atakuwa bibi wa barazani anayeulizwa kama amekula.

"Nipe wiki mbili," alisema.

"Za nini?"

"Nitafika dukani mwenyewe. Kwa miguu yangu."

Binti alilitazama goti la mama yake, kisha akautazama uso wake. Mwishowe alisema, "Haya. Jumatatu baada ya wiki hizo mbili, saa mbili kamili asubuhi, nitakuwa pale mlangoni na ufunguo. Ila mtu asikusukume wala asikuvute. Usipofika, nampa mwenye chumba jibu."

"Na nikifika?"

"Nikikusumbua tena, niite mtoto wa jirani."

Ni rahisi kuapa. Jioni ile Mama Pindo alikaa mbele ya cherehani yake kuukuu ya pale nyumbani, ile ya miguu aliyoanzia kazi, akimtilia mumewe kiraka kwenye shati, roho imemwinama. Alikuwa amemwuliza Spoku kama anaweza kumfundisha baiskeli, na Spoku, kwa upole, alimwonyesha pedali inavyopanda juu, na goti linavyotakiwa kupanda nayo. Goti lake lisingefika hata nusu ya safari ile. Basi akawa anashona, miguu ikikanyaga, kisigino, kidole, kisigino, kidole, na ghafla akaitazama. Goti la kulia lilikuwa karibu limetulia tuli. Kazi ilifanywa na nyayo.

"Fundi!" aliita.

"Naam, fundi."

"Miguu yangu inakwenda miaka thelathini na nne kutwa kucha. Hivi inakwenda wapi?"

Spoku alifika mlangoni na spana mkononi. Alimtazama mkewe, akatazama kile kibamba cha chuma kinachopanda na kushuka, ile fimbo inayosukuma gurudumu kubwa la chini, na gurudumu lenyewe likizunguka bila wasiwasi. Mdomo ukamwachama. Akapiga magoti sakafuni, mzee mzima mwenye moyo wa kutunzwa, akaanza kupima kwa shibiri.

"Mungu wangu," alisema. "Miaka yote hii nimelala chumba kimoja na hii injini."

Siku ya pili walichora kwa chaki ya ushonaji kwenye sakafu ya uani. Magurudumu mawili mbele na moja nyuma, kwa sababu Mama Pindo hakuwahi kujifunza kukaa juu ya magurudumu mawili na hakuwa na mpango wa kuanza. Kiti cha chini chenye egemeo. Kibamba cha cherehani mbele ya kiti, kirefushwe kidogo, kiwe kinapanda na kushuka shibiri moja na si zaidi. Gurudumu kubwa liwe pembeni ya paja la kulia, mahali mkono wake ulipozoea kulikuta. Usukani uwe bomba la mlalo, alisukume kwa viganja viwili kulia na kushoto, kama anavyosukuma kitambaa kwenda kwenye sindano.

"Na keria," alisema Mama Pindo.

"Ya nini?"

"Vitambaa vyangu vitapanda wapi, kichwani kwako? Iwe imara."

"Na friwili? Miguu ipumzike kwenye mteremko?"

"Cherehani haina friwili. Nikisimamisha miguu, isimame."

Spoku alikuna kichwa, akaandika. Kisha alihesabu vifaa kwa vidole. Mabomba ya fremu hayakuwepo, beringi hazikuwepo, na siku zilikuwa kumi na tano. Mama Pindo aliona macho ya mumewe yakipanda polepole ukutani, kwenye baiskeli ya migongo, ya kiuno na ya pipa. Alitaka kusema "usifanye hivyo," lakini Spoku alikwisha simama na kuvuta kigoda.

Alizishusha moja moja. Akaanza kuzikata, mkewe akimshikia taa, na alipofika kwenye zile nyota ndogo chini ya fremu alizikata kwa uangalifu kama mtu anayetoa kishikizo kwenye koti la zamani, akazitia kwenye kopo. Mama Pindo alikwenda jikoni akafuta macho kwa kanga, akarudi kazini.

Alhamisi ya wiki ya pili baiskeli ilisimama uani. Jirani yao seremala, mtu wa maneno mengi na mikono hodari, aliacha randa yake akaja kushuhudia. Binti naye alipita kutoka shuleni, bado ana vumbi la chaki mikononi. Mama Pindo alikaa kitini, akatandaza gauni lake, akaweka nyayo kwenye kibamba. Kisha, kama anavyoanza kila mshono wa maisha yake, alipeleka mkono wa kulia kwenye gurudumu, akalivuta juu kuja kwake, na miguu ikapokea.

Baiskeli ikaondoka kwa ulaini wa ajabu. Ikaondoka kinyumenyume.

Ilipita karai la kufulia, ikapita mti wa kuanikia, Mama Pindo akizidi kukanyaga kwa kuwa akili haijaamini, na ikaishia ndani ya maranda ya seremala nje ya lango, kishindo na vumbi pamoja.

"Baiskeli ya kurudi nyumbani hiyo!" seremala alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Kwenda ndiko haijui!"

Spoku alikagua cheni, akakagua fimbo, hakuona kosa. Akamwomba seremala ajaribu. Seremala alikaa, akalisukuma gurudumu mbele, akakanyaga kama anayeua mende, na baiskeli ikaenda mbele moja kwa moja mpaka langoni.

"Nzima kabisa!" alisema. "Mama Pindo, tatizo ni miguu yako."

Ilikuwa kweli, na Spoku ndiye aliyeeleza, akimwonyesha binti kwa kidole. Gurudumu la cherehani huzunguka kumjia mshonaji. La baiskeli inayokwenda mbele humkimbia mpandaji. Fundi cherehani yeyote wa cherehani ya miguu angeirudisha nyuma baiskeli ile, na kadiri alivyo fundi zaidi, ndivyo angeirudisha kasi zaidi.

"Basi abadilishe tu," alisema binti. "Mama, sukuma upande wa pili."

Mama Pindo alijaribu. Alijaribu jioni ile yote na Ijumaa yote. Alilisukuma gurudumu mbele kwa mkono, na kwa mizunguko miwili mambo yalikwenda, kisha nyayo zikakumbuka kazi yao, kisigino kikatangulia, fimbo ikakwama, na baiskeli ikarudi nyuma. Huwezi kuiambia miguu ya miaka thelathini na nne ianze upya tangu Alhamisi hadi Jumatatu. Ijumaa jioni alishuka kitini, misuli inamtetemeka, na binti aliyekuwa amekaa kizingitini alimletea maji.

"Mama, umejaribu. Hakuna atakayesema hukujaribu."

Hapo ndipo hasira ilipompanda, na kwa Mama Pindo hasira na fahari vilikaa nyumba moja.

"Sikiliza, mwanangu. Nimeshona watu wenye bega moja juu na jingine chini. Nimeshona wenye vibiongo, wenye matumbo, wenye mkono mmoja. Sijawahi kumwambia mteja hata mmoja apunguze bega ili shati limkae. Miguu yangu haina kosa. Hii baiskeli ndiyo itakayonifuata mimi."

Alilala na maneno yake mwenyewe yakimsuta, maana kusema amesema, lakini jinsi ya kufanya hakuijua.

Alfajiri ya Jumamosi, akiwa anakunja shuka, aliishika ncha moja akaigeuza, na mikono ikasimama. Alikumbuka kosa lake la kwanza kabisa katika kazi. Alikuwa msichana, siku yake ya pili kwa shangazi yake aliyemfundisha, na aliambiwa avishe mkanda mpya kwenye cherehani. Akauvisha umepishana, umekaa kama tarakimu nane. Cherehani ikazunguka kinyume, ikala uzi, ikavunja sindano, na shangazi akampiga kofi la kiganja na kumwambia hatakuwa fundi hata siku moja.

"Fundi!" aliita kwa sauti iliyomwamsha hata seremala. "Fundi, amka! Tupishanishe!"

"Tupishanishe nini?" Spoku alitoka anasugua macho.

Mama Pindo aliupinda mkanda wa gauni lake, akauzungusha kwenye chupa mbili, ukapishana katikati. Akazungusha chupa moja kuja kwake. Ya pili ikaenda zake mbele.

Spoku alizitazama chupa zile. "Cheni haikunjwi nane," alisema polepole.

"Nani amezungumza habari za cheni? Ondoa cheni. Mkanda nashona mimi."

Na alishona. Spoku alikuwa na mikanda ya viti vya gari bovu. Mama Pindo aliiweka mitatu pamoja, upande wa ndani akatia utepe wa tyubu ya lori ili ushike, akatia sindano nene kuliko zote alizokuwa nazo, na akapiga mistari sita ya mshono, iliyonyooka kama imepigwa rula. Ncha hakuziunga mkato wa sawa, maana kiungo cha hivyo kingegonga kila kikizunguka. Alizikata mshazari, akazilaza moja juu ya nyingine, akazishona mpaka kiungo kisionekane kwa macho, kionekane kwa kidole tu. Seremala, ambaye sasa alikuwa amesahau kucheka, alichonga magurudumu mawili mapana ya mbao ya kuupitisha. Jumapili jioni mkanda ulikaa mahali pake, umepishana katikati kwa mkunjo mmoja mzuri.

Mama Pindo alikaa kitini. Mkono wa kulia, gurudumu, vuta kuja kwako. Miguu ikapokea.

Ukuta wa uani ulianza kumjia usoni. Alisimamisha miguu, baiskeli ikasimama, naye akaketi pale pua yake ikikaribia kugusa matofali, anacheka peke yake kama mwehu.

Spoku alileta nyundo yake na chuma cha nyota. Alipiga magoti chini ya fremu, akainua nyundo, kisha akatoka bila kugonga kitu.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Hii siyo yangu," alisema. "Mabomba ni yangu, wazo ni lako. Weka alama yako."

Mama Pindo alimtazama mumewe, ambaye sasa hakuwa na baiskeli hata moja ukutani. Alitunga uzi mwekundu, akapiga mishono mitatu upande wa ndani wa mkanda, pale kwenye kiungo. Kisha akaenda kwenye kopo, akachagua nyota moja, akamkabidhi Spoku. "Chomelea pale," alisema, akionyesha keria. "Cha watu wawili kina sahihi mbili."

Jumatatu aliondoka saa moja na robo. Mtaa mzima ulitoka, hilo usiulize, maana seremala hakuwa mtu wa kuweka siri. Walioanza kucheka walimwona amekaa wima kitini, viganja viwili vimetua juu ya bomba kama yuko mezani kwake, nyayo tu ndizo zinazocheza, na kicheko kikawaishia njiani. Mwanamke mmoja dirishani aliuliza, "Kwani anashona nini?" Na kweli alionekana kama anaishona barabara. Spoku alimfuata kwa miguu, polepole kama alivyoagizwa na daktari, na seremala kando yake, mikono nyuma.

Shida iliwangoja kwenye mwinuko wa mashine ya kusaga. Alipokuwa amebakiza hatua kama thelathini kufika juu, umande wa asubuhi na jasho la kazi vilikuwa vimeulainisha mkanda. Gurudumu kubwa likazunguka, la nyuma likagoma. Harufu ya mpira ikapanda. Baiskeli ilisimama, kisha ikaanza kuteleza kurudi, na Mama Pindo akakaza breki.

Akajaribu tena. Mkanda ukateleza tena. Pale juu, saa ya ukutani ya ofisi ya mashine ilionyesha saa mbili kasorobo.

Spoku alifika anahema. Mkono wake ulinyooka wenyewe kuelekea kwenye egemeo la kiti, kama ulivyonyooka miaka kumi na tisa.

"Usiguse!" Mama Pindo alisema.

"Kidogo tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Spoku alirudisha mkono, akauweka kifuani, akaushikilia hapo. Mkewe alifumba macho. Cherehani ikiteleza mkanda, unafanyaje? Kila siku ya mvua, miaka yote hii, unafanyaje? Alijicheka mwenyewe. Akatia mkono mfukoni mwa gauni, na pale, kama kila siku ya maisha yake ya kazi, kilikuwepo kipande cha chaki. Alijipinda kitini, akausugua mkanda upande wa ndani, akauvuta kidogo, akasugua tena, mpaka chaki ikabaki unga kwenye vidole. Mkono kwenye gurudumu. Vuta kuja kwako.

Mkanda ukashika. Kisigino, kidole. Mapaja yalimwaka moto, jasho likamwingia machoni, naye akawa anahesabu mishono kwa sauti kama msichana anayejifunza, mia moja, mia moja na kumi, na alipofika mia mbili na arobaini barabara ikawa tambarare. Nyuma yake alisikia seremala akipiga vigelegele vibaya sana, kama mtu asiyewahi kupiga. Hakugeuka. Mbele yake ulikuwepo mteremko, na miguu ikakimbia kama siku za kuamkia sikukuu, wateja kumi wanasubiri nje.

Binti alikuwa amesimama mbele ya mlango ulioandikwa FUNDI, ufunguo mkononi, macho kwenye simu. Aliposikia tak-tak-tak ya kibamba aliinua kichwa. Mama yake alisimamisha miguu, baiskeli ikatulia hatua mbili mbele yake.

"Saa ngapi?" aliuliza Mama Pindo.

"Saa mbili kasoro dakika nne." Binti aliizunguka baiskeli yote, akaugusa mkanda, akapapasa kiungo akaikuta ile mishono mitatu. Mwishowe alifungua mkoba wake, akatoa sketi.

"Nilishonewa kwingine, imefumuka pindo," alisema, na machozi yakamdondoka juu yake. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nisishonewe na mtu mwingine."

"Ufunguo," alisema Mama Pindo akinyoosha mkono, maana naye alikuwa karibu kulia, na mlangoni walikwisha kusimama wateja wawili. "Foleni ipo. Utasubiri kama wenzako."

Jioni, jua likiwa bado lipo juu ya mabati, alifunga duka, akatoka na mfuko wake. Spoku alikuwa amekuja kumfuata, amekaa kibarazani tangu saa kumi. Kila aliyepita aliwekwa chini na kuonyeshwa baiskeli, na kila aliyeuliza nani aliyeibuni alijibiwa, "Mke wangu," kwa sauti ya kusikika mpaka duka la tatu.

Mama Pindo alikaa kitini, akauweka mfuko mapajani mwake.

"Mfuko si wa keria?" aliuliza Spoku.

"Keria ina mtu. Panda."

"Fundi, daktari amesema..."

"Daktari amekukataza kubeba. Kubebwa hakusema kitu."

Spoku alitazama kulia na kushoto. Watu walikuwa wanatazama. Kisha alikwenda nyuma, akakaa upande, karibu na nyota yake, akauweka mkono begani mwa mkewe. Mama Pindo alimhisi mwepesi kuliko alivyodhani, wepesi ambao ulimtia uchungu kidogo. Aliliwahi gurudumu, akalivuta kuja kwake, na wakaondoka.

Walipanda mwinuko kwa chaki na kwa subira. Walipoanza kuteremka upande wa mashine ya kusaga, mkono ule begani ulikaza ghafla.

"Shimo hilo!" Spoku alipiga kelele.

Mama Pindo hakugeuka.

"Nimeliona," alisema, "kabla hujazaliwa."